Ulizeni Kabla Hamjamkalisha Mtoto

Wanangu, nalirudia jambo nililokwisha kulisema, kwa sababu naona bado halijaingia. Sina hasira nanyi. Umri umeninyang'anya hasira na kuniachia uchovu, na mzee aliyechoka hasemi ili asikie sauti yake. Nataka tuzungumze habari ya viti vya watoto vya kwenye gari, hivi mnavyotumiwa na ndugu zenu walioko Marekani, Uingereza na Maskati, vikifika ndani ya mapipa na makontena pamoja na mashuka, masufuria na viatu. Mnavipokea kwa shangwe. Mnavifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, mnavifunga kwenye Noah au IST, na jioni hiyo hiyo mtoto anakalishwa na kupigwa picha. Hakuna aliyekigeuza kiti kutazama mgongoni kimeandikwa nini. Hakuna aliyempigia simu aliyekileta kumwuliza kimepitia wapi.

Kabla sijafika huko, nina neno na wale ambao hata hicho kiti hawakitaki, wanaosema mtoto atapakatwa na mama yake kama wao walivyopakatwa. Hoja hiyo haikuanzia kwetu. Mwaka 1977 jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kuwafunga watoto wadogo kwenye viti vyao ndani ya gari. Aliyeipigania ni daktari wa watoto, Robert Sanders, ambaye alikuwa amechoka kuona watoto wanakufa kwa jambo linalozuilika. Wabunge waliipitisha, lakini wakapenyeza kifungu kilichoruhusu mtoto apakatwe na mtu mzima badala ya kufungwa kwenye kiti. Daktari yule alikiita kifungu hicho kiponda watoto, na hakupumzika mpaka kikaondolewa mwaka 1981.

Alikuwa na haki. Viti vya Marekani hupimwa kwa mgongano wa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, mwendo ambao bajaji ya mtaani kwetu huufikia bila dereva kujiona anakimbia. Katika mgongano huo mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 200. Ni magunia mawili ya mchele yanayochomoka mapajani kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata angekuwa na mapenzi kiasi gani. Na wale mnaojifunga mkanda mmoja na mtoto akiwa katikati, mnamgeuza mtoto kuwa mto wa kuuzuia mwili wenu usiumie. Nimelisema hili kwenye harusi, nimelisema msibani, nimelisema kwenye foleni ya kliniki. Nalisema tena.

Kwa hiyo ninyi mlio na kiti, nawapongeza kwa moyo wote. Hesabu za Marekani zinaonyesha kwamba kiti kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya vichanga ndani ya magari madogo kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne kwa asilimia 54. Sijaona askari wa barabarani huku kwetu akisimamisha gari kwa sababu ya kiti cha mtoto, kwa hiyo mliokinunua au kukiomba mmefanya hivyo kwa mapenzi yenu wenyewe. Lakini mapenzi hayajui kasoro ya kiwandani. Hapo ndipo ninapotaka mkae mnisikilize.

Mwaka 2014 kampuni ya Graco, mojawapo ya majina makubwa ya viti vya watoto Marekani, ililazimika kuita viti vyake, yaani kutangaza kwamba vina kasoro inayopaswa kurekebishwa, kwa sababu ya bizimu la mkanda, ile sehemu yenye kitufe chekundu inayokaa katikati ya mapaja ya mtoto. Watoto hula na kunywa wakiwa safarini. Makombo na juisi viliingia ndani ya mabizimu yale, vikaganda, na kitufe kikawa hakibonyezeki au kinabonyezeka bila kufungua. Kuna wazazi walioishia kuikata mikanda ili wawatoe watoto wao. Hebu fikirini gari limeungua au limetumbukia kwenye mtaro wenye maji, na mzazi anahangaika na kitufe kisichofunguka. Februari mwaka huo kampuni iliita viti milioni 3.8 vya watoto wakubwa kidogo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikasema haitoshi, kwa sababu viti vya vichanga vilikuwa na mabizimu yenye tatizo lilo hilo. Kampuni ikasita, na Julai ikakubali kuongeza vingine milioni 1.9. Nchi ile haikuwa imewahi kuona viti vya watoto vingi kiasi hicho vikiitwa kwa pamoja.

Mwaka uliofuata, Machi 2015, kampuni ilikubali adhabu ya dola milioni 10 kwa kuchelewa kutoa taarifa ya kasoro hiyo. Milioni 3 zililipwa taslimu, na milioni 7 zikapangiwa kazi za kuboresha usalama wa watoto. Miongoni mwa kazi hizo ilikuwamo ya kutafuta njia ya kuwafanya wazazi wengi zaidi waandikishe viti vyao. Kiteni macho hapo kwenye kuandikisha, kwa sababu ndiko tatizo letu linakoanzia.

Kiti kipya kinaponunuliwa Marekani huwa na kadi ndogo, imekwisha kulipiwa stempu, ambayo mnunuzi hujaza jina na anwani yake na kuirudisha kwa kampuni. Sheria hiyo ipo tangu mwaka 1993. Kampuni ikigundua kasoro inawaandikia wale waliojaza kadi. Ni utaratibu mzuri, ila unamjua mtu mmoja tu, yule aliyenunua dukani. Sasa binamu yako wa Minneapolis alijaza kadi mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza. Baadaye akahama nyumba. Kiti kikatumika kwa mtoto wa pili, kikakaa kwenye stoo, akaazimwa rafiki yake, kikarudi, kikapakiwa kwenye pipa, na leo kiko Magomeni. Barua ya kampuni, kama iliandikwa, ilikwenda kwenye ile nyumba ya zamani. Tangazo halivuki bahari likimfuata mtoto wako. Ni wewe unayepaswa kulifuata.

Na msidhani kule kwao kila mtu hupata habari. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliita kitanda cha kulazia vichanga kilichoitwa Rock 'n Play, vitanda milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Kilikuwa kimeinuka upande wa kichwani, na mtoto akijigeuza, hasa asipofungwa, alikuwa hatarini kukosa pumzi. Habari ilitangazwa nchi nzima. Januari 2023 walilazimika kutangaza upya, kwa sababu baada ya tangazo la kwanza watoto wasiopungua 8 walikuwa wamekwisha kufa ndani ya vitanda hivyo hivyo. Nchi yenye posta inayofika kila mlango, yenye televisheni na simu kila mkono, na bado vitanda vilibaki vyumbani, vikapitishwa kutoka kwa dada hadi kwa mdogo mtu. Sisi tulio mwisho wa safari ya kila kilichotumika, tunategemeaje tangazo litufikie lenyewe?

Wiki iliyopita binti wa jirani aliniletea kiti alichopewa na shemeji yake nikione. Kilikuwa kizuri, kitambaa cha kijivu, hakijapauka. Tukakilaza juu ya mkeka, nikamwambia akifunue kitambaa cha kukalia. Chini yake kulikuwa na makombo ya biskuti yaliyosagika yakawa unga, punje za wali, na pembeni mwa kitufe chekundu utando mweusi wa juisi iliyokauka. Nikachomeka ulimi wa kwanza wa mkanda, ukalia. Wa pili ukaingia kimya. Nikabonyeza kitufe kwa dole gumba kwa nguvu zangu zote, ulimi mmoja ukachomoka, mwingine ukabaki ndani. Yule binti alishtuka, maana mtoto wake alikuwa ameketi humo asubuhi ile ile. Tukasuuza bizimu kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni kali na bila mafuta, kwa sababu mafuta hukamata vumbi na kuzidisha tatizo. Lilifunguka. Hata hivyo nilimwambia asikitumie mpaka tusome lebo na kutafuta habari zake, kwa kuwa bizimu lililokwama kwa uchafu na bizimu lenye kasoro ya kiwandani kwa macho yetu ni moja. (Nanyi mnaoivua mikanda na kuilowesha kwenye jiki ing'are, acheni. Dawa ile hula nyuzi, na nyuzi ndizo zinazomshika mtoto. Kitambaa kibichi na sabuni ya kawaida vinatosha.)

Lebo iko mgongoni mwa kiti, ubavuni, au chini ya kitako, na mara nyingine baadhi ya maandishi yamechongwa kwenye plastiki yenyewe. Tafuteni namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Hizo ndizo zinazotajwa kila kampuni inapoita bidhaa yake, kwamba ni modeli fulani, za tangu tarehe fulani hadi fulani. Kwa kiti cha Marekani, mtu mwenye simu yenye bando anaweza kuingia kwenye tovuti ya NHTSA, akaandika jina la kampuni na modeli, akaona kama kimewahi kuitwa na kwa sababu gani. Kijana wa nyumbani atawasaidia, hawa wanaoshinda na simu hawashindwi na hilo. Kiti cha Ulaya kina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na pembeni yake namba ya nchi iliyokiidhinisha. Hapo mtaanza na tovuti ya kampuni yenyewe, au mtawaandikia. Kampuni hizi hujibu barua pepe, na hazimbagui mtu kwa kuwa hakununua dukani.

Kiti kisicho na lebo, iliyobanduka au kubanduliwa, msikitumie. Sisemi hivyo kwa ukali. Bila namba hamna njia ya kujua, na mtu aliyebandua lebo kwa makusudi alikuwa na sababu.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi. Kiti kuitwa hakumaanishi kila mara kukitupa. Lisomeni tangazo lote mpaka mwisho. Mengine yanasema acha kukitumia leo hii. Mengine yanasema kuna kipuri kitatumwa bure, na wakati mnakisubiri endeleeni kukitumia, kwa sababu mtoto asiyefungwa kabisa yuko hatarini zaidi. Kwa vile viti vya Graco kampuni ilikuwa inatuma bizimu jipya bila malipo. Nimemsikia mzazi akisema kiti chake kimelaaniwa, akakitoa garini na kumpakata mtoto njia nzima mpaka Chalinze. Huko ni kukimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa.

Na kwa upande wa pili, kiti kutokuitwa hakumaanishi ni kizima. Plastiki ina umri wake. Kampuni nyingi huandika kwamba kiti kitumike kati ya miaka 6 na 10 tangu kilipotengenezwa, na gari linaloachwa juani Dar es Salaam au Mombasa kutwa nzima halirefushi umri huo. Kiti kilichokuwamo ndani ya gari lililopata ajali ya maana hakifai tena, hata kama hakionyeshi ufa. Wataalamu wa NHTSA huvumilia ajali ndogo tu, na masharti yao ni kwamba gari liliondoka lenyewe pale lilipogongwa, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna aliyeumia, mifuko ya hewa haikufumuka, na kiti chenyewe hakina alama. Sharti moja likikosekana, kiti kimekwisha kazi yake. Sasa nani atawaambia mambo hayo kama hamkumwuliza aliyekileta?

Hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu najua kinachowafunga midomo. Mnaona aibu. Tumelelewa kwamba zawadi haikaguliwi, kwamba aliyekukumbuka ng'ambo amekuheshimu, na kumwuliza maswali ni kumwambia ametoa kibovu. Adabu hiyo naipenda, nimeilea mwenyewe ndani ya nyumba hii. Lakini aliyekuletea anampenda mtoto wako. Angejua kiti kina kasoro, asingelala. Kumwuliza ni kumpa nafasi ya kumaliza wema alioanza. Mpigie simu, mshukuru kwanza kwa moyo, kisha sema: "Shangazi, kiti kimefika salama, Mungu akuzidishie. Hebu nikumbushe, ulikinunua mwenyewe dukani au nawe ulipewa? Kiliwahi kuwamo garini siku ya ajali? Kile kitabu cha maelekezo bado unacho, unipigie picha?" Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Mimi ni shangazi wa watu wengi, na ningeulizwa hivyo ningefurahi kwamba nilichokituma kimefika kwa mtu makini.

Wakwe nao nina neno nao. Nimesikia mabinti wakisema, kiti alileta mama mkwe, nitakikataaje. Mkwe mwenye busara asisubiri kukataliwa. Aseme mwenyewe: nimekileta hiki, kaangalieni namba yake, kikiwa hakifai tutatafuta kingine. Mkilisema ninyi wakubwa, mzigo unamtoka yule mdogo asiyeweza kulisema.

Nanyi mlioko ng'ambo, mnaopakia mapipa usiku baada ya kazi, kazi yenu hapa ni ndogo. Kabla kiti hakijaingia kwenye pipa, tafuteni namba yake kwenye tovuti mkiwa huko, ambako intaneti haiwasumbui. Andikeni kwenye karatasi mwaka mliokinunua, na kwamba hakijapata ajali, karatasi hiyo mwiingize kwenye mfuko wa nailoni na kuifunga kwenye mkanda. Wekeni na kitabu cha maelekezo, hata kama kimechanika. Kama mlijaza ile kadi, iambieni kampuni kiti kimehamia kwa nani na anwani yake ya barua pepe ni ipi. Na kama kimepitwa na umri wake, msikitume mkidhani huku kwetu kitafaa tu. Mwili wa mtoto wa Tandika hauna tofauti na wa mtoto wa Leicester.

Tangu Septemba 1, 2024, maduka ya nchi za Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kuuza viti vya kiwango cha zamani kiitwacho R44, bali vya kiwango kipya cha R129. Vile vya zamani havikuitwa kwa kasoro, na waliokuwa navyo wanaendelea kuvitumia. Hata hivyo kitu kinapozuiwa kuuzwa kwao, tumezoea kukiona kikiteremka bandarini kwetu, kwa hiyo mkiviona vingi na kwa bei nafuu, lifahamuni hilo, na tazameni tarehe ya kutengenezwa kwa jicho kali zaidi.

Gari lenyewe nalo huitwa. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yake yana mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofilisika Juni 2017 baada ya makumi ya mamilioni ya magari kuitwa duniani. Kemikali inayoufumua mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ukifumuka unarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya pwani yetu mwaka mzima. Namba ya chesesi iko kwenye kadi ya gari, na kampuni kubwa za Japani zina kurasa za kuitafutia. Na hata mfuko wa hewa ulio mzima haupatani na kichanga. Kiti kinachotazama nyuma kikiwekwa mbele kwenye mfuko unaofanya kazi, mfuko ukifumuka unakipiga kiti mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Mahali pake ni kiti cha nyuma.

Kufunga nisilirefushe. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu ya viti, asilimia 46, vimefungwa au vinatumiwa vibaya, na hao wana vitabu vya maelekezo kwa lugha yao. Kishikeni kiti pale mkanda wa gari unapopita, mkitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, kimelegea. Mikanda ya mtoto ikibana begani, jaribuni kuikunja kwa vidole viwili. Ikikunjika, kazeni. Mtoto atazame nyuma muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, si mpaka miguu inapoanza kujikunja, kwa maana miguu iliyokunjwa haimuumizi na shingo iliyonyooshwa ghafla humuua. Na kiti hicho si kitanda cha kumlaza sebuleni mchana kutwa kwa sababu gari halipo. Kichanga akilala humo kidevu kinaweza kuanguka kifuani, na pumzi ikamwisha bila kulia.

Kuna atakayenijibu kwamba ajali ni kudra. Sikatai kudra, nimezika watu na naijua. Lakini bizimu ambalo kasoro yake ilitangazwa tangu mwaka 2014, ikaandikwa modeli na tarehe, na kipuri kikatolewa bure, si jambo la ghaibu. Liko wazi, linasomeka, na linasubiri mtu wa kulisoma. Mtoto hawezi kulisoma. Anakaa unapomkalisha, anafungwa unavyomfunga, na akikuona unatabasamu anaamini kila kitu kiko sawa.

Basi fanyeni leo. Kiti kilicho garini kitoeni, kigeuzeni, sasa hivi kuna mwanga wa kutosha. Namba yake mwiandike kwenye simu. Kikionekana kinafaa, rudisheni mkifunge vizuri. Kikionekana hakifai na hakuna kipuri, msikiweke nje ya geti kikiwa kizima. Mzoa taka atakiokota, atakisugua, na keshokutwa kitauzwa pembeni ya barabara kwa mama mwingine aliyefurahi kupata kiti kwa bei anayoiweza. Chukueni mkasi mkate mikanda yote, mng'oe kitambaa, na juu ya plastiki mwandike kwa wino mzito usiofutika kwamba kiti hiki kibovu, kisitumike.